Mamba Wetu Hana Meno

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua. Tangu alfajiri ni mvua tu. Vibanda vyangu vya wageni viko vitupu tangu Agosti, na kimoja kimeota uyoga chini ya kitanda. Yamileth, mke wangu, anasema uyoga ndio mgeni pekee aliyewahi kurefusha siku zake kwetu. Sikucheka.

Kanisani nimesikia habari iliyonitoa jasho. Kesho basi linamleta mama mmoja wa Kidenmaki anayekusanya ushauri kwa watalii wanaokuja Kosta Rika: wavae nini, wale nini, waogope nini. Huko kwao hakuna anayefunga begi kabla ya kumsoma. Akikusifu, utajenga ghorofa. Akikuponda, utarudi kupalilia michikichi ya watu.

Balaa ni kwamba shemeji Marielos naye amesikia. Huyu ni dada wa mke wangu, na nyumba yake ya wageni inatazamana na yangu, barabara tu katikati. Nikipiga chafya chumbani, yeye anajibu kutoka barazani kwake. Leo amefagia, amepaka rangi mlango, ametundika ukutani gambuti za wageni, ndogo hadi kubwa.

Lakini ana udhaifu mmoja, na mimi naujua. Anawaambia wageni ukweli! Hawajatua hata mizigo, tayari ameshawasomea nyoka, mamba, mafuriko, na saa za maji kujaa mlangoni mwa mto. Mtu ametoka upande wa pili wa dunia kuja kupumzika, anaambiwa akung'ute viatu kabla ya kuvaa!

Mimi nitakuwa mtu wa habari njema. Mpango umekamilika. 

Jumatatu, 7 Oktoba

Ushindi! Nimempata.

Nililisubiri basi kule njia panda, kabla halijafika kijijini, nimelowa kama kuku wa mtoni. Akashuka mama mrefu, mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi, ndala za ngozi miguuni. Jina lake Ingelise. Nikalikamata begi lake kabla hajalikamata yeye.

Tulipofika kwetu, shemeji alikuwa amesimama katikati ya barabara na mwavuli mkono huu na gambuti mkono huu. Akamwambia mgeni kwa upole kwamba Oktoba hapa Boca Tigra hakuna anayetembea bila gambuti. Nikamwambia mgeni kwamba gambuti ni za vibarua wa mashambani.

"Haya, shemeji," akasema Marielos. "Akiumwa mguu, utambeba wewe?"

Nikajibu kwamba nitambeba. Mgongo wenyewe nilikuwa nimeshauvunja kwa begi.

Jioni mgeni akaanza maswali. Kila nikifungua mdomo ananisogezea simu inase sauti. Sijawahi kuogopa simu namna hii. Akauliza kuhusu nyoka. Nikasema walihama, hawakupenda kelele za basi. Akauliza kuhusu mvua. Nikasema mvua yetu ina adabu, hunyesha watu wakiwa wamelala. Wakati huo ilikuwa inapiga mabati hadi ilibidi nirudie kwa kupaza sauti.

Kisha akauliza kama kuna mamba mtoni.

 Mimi sijatia mguu katika mto Tigra tangu nioe. Yupo mmoja pale mlangoni, mrefu kuliko ngalawa, na kila mtu hapa anapita mbali naye. Lakini barazani kwake shemeji alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye sahani ya maharage, anasikiliza. Ningekubali, ningekuwa nimemuunga mkono.

Nikasema: "Yupo, mama, lakini ni mzee. Mamba wetu hana meno."

Ng'ambo ya barabara kijiko kikaanguka.

Jumanne, 8 Oktoba

Sijui nianzie wapi. 

Kulipopambazuka kima wakaanza kunguruma juu ya miti kama kawaida yao. Mgeni akatoka mbio na shuka, akidhani ni chui. Nikamwambia ni upepo. Akautazama mgomba uliosimama kimya bila jani kutikisika.  Akaiambia simu yake kitu.

Hilo ni dogo. Baada ya wali na maharage nilikwenda kumfagilia ngazi. Chini ya ngazi, amejikunja, amepoa: terciopelo! Huyo ndiye nyoka mahameli, kwa ngozi yake laini. Baba yangu alimpoteza kaka yake kwa mmoja kama huyo, na yule nyoka alikuwa mdogo kuliko huyu. Miguu ikagoma. Mdomo ukagoma. Na ndani ya kibanda nikasikia mgeni anavaa ndala.

Sijui akili ilitoka wapi. Beseni la kufulia lilikuwa karibu. Nikamfunika nalo. Nikalikalia.

Mlango ukafunguka. Mgeni akanisalimia, nikamsalimia. Akakaa ngazini, hatua moja tu kutoka kwangu, akanywa kahawa yake na kunieleza habari za wajukuu. Chini ya makalio yangu kitu kikagonga. Tu! Kikatulia. Tu! Jasho lilinitoka hadi viatuni. Nilitabasamu kwa mgeni. Niliwaombea wajukuu wake wote kwa majina.

Akauliza kwa nini nimekaa juu ya beseni. Nikasema ni desturi ya hapa, mwanamume akishakula asubuhi hukalia beseni ili chakula kishuke. Akafurahi sana. Akaiambia simu. Akaniomba nisogee kidogo naye ajaribu!

Namshukuru Mungu Yamileth alipita na kapu la nguo na kuuona uso wangu. Akamwita mgeni jikoni eti akaonje ndizi za kukaanga, halafu akamwita dada yake. Shemeji akaja na fimbo ndefu na ndoo yenye mfuniko, akaniambia niinuke polepole. Nilishindwa. Goti moja lilikuwa limekufa ganzi, la pili limekufa kwa hofu. Ikabidi anivute kwa ukosi wa shati. Akamtia nyoka ndooni kama mtu anayechota unga, akaenda kumwachia mbali, upande wa pili wa shamba.

Aliporudi hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alisema, "Shemeji, mwambie huyo mama ukweli leo. Usipomwambia wewe, ataambiwa na mto."

Nikasema ananionea wivu. Tangu hapo kila nikitaka kukaa, nachungulia kwanza.

Jumatano, 9 Oktoba, mchana

Mungu wangu. Mungu wangu!

Asubuhi mgeni alisema anataka kutembea ufukweni hadi Punta Garza kuwaona kasuku wakubwa. Akauliza ni saa ngapi nzuri kuvuka mlango wa mto. Jibu linajulikana na hata mbwa wa hapa: unavuka maji yakipwa, na ukichelewa unarudi nyumbani. Maji yakijaa, bahari inaingia mtoni, na mamba anaingia nayo.

Dirisha la shemeji lilikuwa wazi. Nikaona kabisa sikio lake.

Nikasema: "Saa yoyote, mama. Mto wetu hauna kiburi."

Akauliza kama anahitaji mtu wa kumwongoza. Anayeongoza wageni hapa ni binamu yao akina Yamileth, na kila mgeni anayemwongoza humrudisha kula kwa Marielos. Nikasema mtoto mchanga angefika peke yake. Nikamwelekeza kama tunavyoelekezana sote: aende hadi lilipokuwa duka la marehemu Don Tobías kabla halijaungua, apinde pale anapofungwa ng'ombe mwekundu, ingawa siku hizi ameuzwa, kisha anyooke hadi kwenye mti uliong'olewa na mafuriko yale makubwa.

Akashukuru sana. Akaondoka na ndala zake.

Nikalala kidogo. Nilipoamka, mlima ulikuwa hauonekani. Wingu jeusi limeukalia kama sufuria. Huko juu mvua ikinyesha hivi, mto hushuka bila kupiga hodi.

Yamileth akauliza mgeni yuko wapi. Nikamwambia. Akaacha kumenya ndizi. Alinitazama tu na kisu mkononi, na mimi nikaanza kusikia baridi ndani ya mifupa.

Nikakimbia mlangoni mwa mto. Maji yamejaa, rangi ya kahawa yenye maziwa, yanazunguka na kubeba magogo. Mchangani hakuna mtu. Kofia yake iko pale! Kofia yake ya nyasi, imenasa kwenye tawi, inacheza na mawimbi.

Na ng'ambo, juu ya tope, amelala mamba. Ametulia. Macho nusu. Nilimtazama tumboni. Nikajaribu kukumbuka jana tumbo lilikuwa la ukubwa gani. Akafungua kinywa, taratibu, kama mtu aliyeshiba anayepiga mwayo.

Meno yote yapo.

Nimerudi nyumbani nikikimbia na kulia. Simu haishiki mtandao katika mvua hii. Nikiandika haya Yamileth yuko barabarani anamwita dada yake kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nimemuua mama wa watu. Nimemuua kwa mdomo. Wananiita. Nakwenda. Sitaki kwenda. Nakwenda.

Alhamisi, 10 Oktoba

Niko hai. Naandika nikiwa chini ya mablanketi mawili, na joto la nje linachemsha watu.

Jana tulikwenda sote watatu, shemeji mbele na kamba begani, Yamileth katikati, mimi nyuma. Shemeji alisema tusiende mlangoni, twende juu, kwa sababu kwa maelekezo niliyotoa hakuna binadamu ambaye angefika mlangoni. Nikamwambia kuhusu kofia. Akasema kofia huteremka na maji, kwa hiyo mwenye kofia yuko juu zaidi, akiwa bado yuko. Aliposema "akiwa bado yuko," Yamileth aliushika mkono wangu na kuubana hadi ukauma. Sikujua kama ananifariji au ananiadhibu.

Njia nzima nilisikia vitu. Kila mzizi ulikuwa terciopelo. Kila tone shingoni lilikuwa buibui. Nikaita, "Mama Ingelise!" na msitu ukanyamaza. Kunyamaza kule kulikuwa kubaya kuliko mngurumo wowote.

Ndipo tukasikia filimbi. Nyembamba, mbali, mara tatu, kisha kimya, kisha tena.

Alikuwa katikati ya mto, juu ya jiwe. Alipinda kwenye ng'ombe, ila ng'ombe mwingine, akaanza kuvuka palipokuwa na maji ya vifundoni, na mafuriko yakashuka kutoka mlimani akiwa nusu ya njia. Jiwe lilikuwa limebaki saizi ya meza ndogo. Ndala moja haipo. Mguuni damu. Lakini alikuwa amesimama wima, na alipotuona akapunga mkono kama mtu aliye kituo cha basi.

Shemeji akafunga kamba kwenye mti. Ncha ya pili akaanza kunifunga mimi kiunoni.

Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anafunga kamba. Nikamweleza kwamba mimi nina familia, kwamba goti langu lililokufa ganzi bado halijarudi, kwamba mto huu una mamba.

"Una nini?" akauliza.

"Mamba! Marielos, kuna mamba humu!"

"Si hana meno?" akasema, na kuvuta fundo likakaza hadi nikashindwa kupumua. "Basi ingia, shemeji. Wewe ndiye mzito, maji hayatakuchukua haraka. Sisi tutavuta."

Nilimtazama Yamileth aniokoe. Alikuwa analia. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Eladio, nenda kamlete. Tafadhali."

Nikaingia.

Sitaki kuandika sana kuhusu maji yale. Yalikuwa yanasukuma kama ng'ombe zizini. Yalifika kifuani. Chini mawe yanaviringika. Nilifumba macho, nikayafumbua haraka, kwa sababu gizani mamba alikuwa mkubwa zaidi. Kati ya ukingo na jiwe kitu kigumu, chenye magamba, kikanipapasa paja.

Nilipiga yowe. Nasikia yowe lile lilifika kanisani. Miguu ikaniacha. Nikala maji, nikaona kijani, nikaona marehemu mama yangu akitikisa kichwa kama alivyozoea.

Mkono ukanishika nywele. Mama Ingelise! Alilala kifudifudi juu ya jiwe, akanivuta kama samaki, akanipigapiga mgongo hadi mto ukanitoka puani. Kilichonipapasa kilipita mbele yetu: gogo la mnazi. Akaniuliza kama niko sawa. Nikasema nimekuja kumwokoa. Akasema asante sana, kisha akakagua fundo langu, akazungusha kamba kiunoni mwake pia, akaniambia nipumue, nihesabu naye, tushuke pamoja nikimshika bega. Mtu wa miaka sitini na kitu!

Tukashuka. Wale dada wawili walivuta huku wakilia na kutukana kwa pamoja. Tulipogusa ukingo niligeuka nyuma. Jiwe halikuwepo tena. Na pale lilipokuwa, maji yalifanya mkunjo mmoja mrefu, wa polepole, ukienda kinyume cha maji. Gogo haliendi hivyo.

 Shemeji alivua gambuti zake, akamvalisha mgeni, akarudi nyumbani pekupeku.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mgeni amehamia kwa shemeji. Sikumlaumu. Begi lake nililivusha barabara mwenyewe.

Hofu haijaisha, imebadilisha nguo tu. Nikisikia gari nadhani ni polisi. Nikisikia simu nadhani ni ubalozi. Usiku niliota Denmaki nzima imesimama ukingoni, inanitazama.

Mchana alikuja kuniaga na mguu uliofungwa bendeji. Nilijifunika hadi puani. Akakaa kitini, akazima simu mbele ya macho yangu, akaiweka kifudifudi. Akaniomba nimwambie ukweli, angalau mara moja, si kwa ajili ya kuandika.

Sijui nini kilinipata. Labda homa. Nilimwambia yote. Nyoka wapo, kung'uta viatu. Mvua haina adabu. Kima ni kima, si upepo. Maji yakijaa, usivuke, hata ukiwa na haraka kiasi gani. Beseni si desturi, kulikuwa na nyoka chini yake. Aliposikia la beseni akabadilika rangi, kisha akacheka hadi akashika mbavu, na mimi nikaanza kulia, na Yamileth akaingia na kahawa akatukuta hivyo.

Nilimwambia pia kwamba nimeogopa kila siku ya maisha yangu katika nchi hii, na kwamba naipenda. Akasema hilo alilijua tangu siku ya kwanza. Akanishika mkono. Mkono wake una nguvu, nadhani nimeshaandika.

Moyo mwepesi. Nimekuwa mtu mpya.

Jumamosi, 14 Desemba

Ushauri umetoka! Jua linawaka, wageni wameanza kufika, na jina langu linasomwa Ulaya.

Shemeji aliusoma dukani, kwa sauti, watu wamejaa. Gambuti: amezisifu. Saa za maji: ameziandika vizuri. Chakula cha shemeji: aya nzima, sitaki kuizungumzia. Kisha akafika mwisho: "Ukiwa Boca Tigra na huna uhakika na jambo lolote, muulize Don Eladio, halafu fanya kinyume chake."

Duka zima likapasuka kwa kicheko. Mwenye duka alilazimika kukalia gunia la mchele. Yamileth naye! Nilimwona.

Wacheke. Nani mwingine katajwa kwa jina lake kamili? Mara moja nikatafuta ubao, nikapaka rangi nyeupe, nikaandika kwa herufi nyekundu, kwa lugha zote ninazoweza kunakili: MAMA INGELISE ANASEMA: MUULIZE DON ELADIO. Ubao ukaishia hapo. Sehemu iliyobaki ni maelezo ya ziada tu.

Leo umeleta matunda! Familia ya Kibelgiji, baba, mama na mapacha, katika kigari cha kukodi kidogo kama sanduku la viatu. Wakausoma ubao, wakasimama kwangu, si ng'ambo. Baba akauliza kwa heshima kama gari lao litaweza kupita kivuko cha mto, kule barabara inakoingia majini, au waende kwa daraja la juu ambalo ni mwendo wa saa nzima.

Shemeji alikuwa barazani kwake. Nikaona anasimama. Nikaona kabisa anafungua mdomo.

Nikawahi. Nikasema kivuko ni kama sakafu ya kanisa, na gari dogo ndilo bora, kwa kuwa maji hayalioni.

Wameondoka wakinipungia. Mapacha walinirushia busu. Nimekaa barazani na kahawa yangu. Sauti ya injini imekatika ghafla upande wa mtoni, bila shaka wamesimama kupiga picha. Na shemeji huyo anapita mbio, bila viatu, anapiga kelele kumwita Yamileth na watu wote wa barabara hii.

Wivu wa mwanamke huyu utamuua.